Jinsi ya kuchagua risasi ya gobore kwa kuwinda kulungu Marekani

Ukiingia duka la silaha Kentucky au Missouri mwezi Septemba, utakuta rafu ya risasi za gobore imejaa kutoka juu hadi chini: za duara, za umbo la pia ya kuchezea, za shaba nyekundu, zilizovalishwa plastiki, zenye ncha nyekundu na zenye ncha ya njano. Karibu kila boksi lina picha ya dume mwenye mapembe makubwa. Lisichokuambia boksi ni kwamba risasi inayopiga mahali pamoja kwenye bunduki ya jirani yako inaweza kutawanyika ovyo kwenye yako, kwa sababu mtutu wako haukuchongwa kwa ajili yake. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na sheria, unaingia kwenye mtutu, na risasi yenyewe inafuata baadaye.

Nawaandikia hasa Waswahili wanaoishi Marekani wanaotaka kuingia porini kwa kufuata utaratibu. Majimbo mengi yametenga siku za gobore peke yake, nje ya msimu wa raifeli za kawaida. Kentucky ina wikiendi moja Oktoba na siku nyingine Desemba. Ohio huwa na msimu wake Januari. Pennsylvania ina msimu maarufu baada ya Krismasi, ambao bunduki inayoruhusiwa ni ya gumegume tu, ile inayowashwa kwa cheche za jiwe. Kwa mtu anayetaka kujaza friza nyama safi, siku hizo za ziada ni neema, na msituni watu huwa wachache.

Kwa msomaji aliyeko nyumbani: uwindaji wa michezo umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na Tanzania huwindi bila kibali. Tena ninachosema hapa hakihusu kabisa magobore ya kienyeji yanayotengenezwa kwa mabomba na kujazwa vipande vya nondo. Mtutu wa bomba hauna kipimo cha nguvu unachoweza kubeba, na hakuna risasi ya kuuchagulia.

Jambo moja la vipimo kabla hatujaendelea. Wamarekani hupima risasi na baruti kwa greni. Greni 7,000 ni ratili moja, kwa hiyo greni 100 ni kama gramu 6.5, na risasi ya greni 250 ni kama gramu 16. Masafa hupimwa kwa yadi: yadi 100 ni mita 91.

Hatua ya 1: Fungua kitabu cha kanuni kabla ya kufungua pochi

Kila jimbo hutoa kijitabu cha kanuni za uwindaji kila mwaka, bure, mtandaoni na madukani. Tafuta ukurasa wa magobore, usome neno kwa neno, maana tofauti kati ya jimbo na jimbo ni kubwa na zinagusa risasi moja kwa moja.

Colorado ni mfano mzuri. Katika msimu wake wa gobore huruhusiwi kutumia saboti, yaani kile kikombe cha plastiki kinachoibeba risasi ndogo ndani ya mtutu mkubwa. Huruhusiwi darubini wala baruti ya vidonge, yaani iliyogandishwa vipande badala ya unga. Kwa kulungu, tundu la mtutu lisipungue inchi .40. Risasi ya kuanzia .40 hadi .50 isipungue greni 170, na inayozidi .50 isipungue greni 210. Urefu wa risasi usizidi mara mbili ya kipenyo chake. Kwa hiyo nusu ya zile risasi za rafuni, pamoja na zile zinazotangazwa zaidi, hazifai huko hata kama bunduki yako inazipenda. Idaho nayo, kwenye mawindo yaliyotengewa magobore, hukataza saboti na baruti ya vidonge. California imekwenda upande mwingine kabisa: tangu Julai 1, 2019, risasi yoyote ya kuwindia wanyama lazima isiwe na madini ya risasi. Anayewinda kule kwa gobore hana budi kutumia shaba au kitu kingine kilichoidhinishwa.

Kuhusu bunduki yenyewe, sheria ya shirikisho ya 1968 haihesabu magobore mengi kuwa silaha za moto za kawaida, lakini baadhi ya majimbo huyahesabu hivyo, na zipo bunduki za kisasa zinazobadilishwa mtutu ambazo hazipati msamaha huo. Kama hadhi yako ya uhamiaji bado haijatulia, muulize mwanasheria kwanza. Cheti cha mafunzo ya uwindaji na leseni utavihitaji karibu kila jimbo.

Hatua ya 2: Usome mtutu wako

Hapa ndipo pa kutumia muda. Hakikisha kwanza bunduki haina kitu ndani. Gobore halifunguki tumboni ukaona, kwa hiyo mdeki, ule ufito wa kushindilia, ndio macho yako. Uteremshe polepole hadi ugote. Shika kwa vidole pale unapotokea mdomoni, uutoe, kisha uulaze nje sambamba na mtutu, vidole vikiwa usawa wa mdomo. Ncha ikifika karibu na pale fataki, yaani kiwashio cha baruti, inapokaa, mtutu ni mtupu. Ikiishia inchi moja au mbili kabla ya hapo, ndani kuna baruti na risasi ya mtu. Fanya hivyo kwa kila bunduki unayoshika, hata mpya kutoka dukani, hata ya rafiki anayeapa kuwa ameshaimwaga.

Sasa tafuta maandishi ubavuni mwa mtutu. Utaona kipenyo: .45, .50, .54 au .58. Iliyoenea kuliko zote ni .50, na kwa anayeanza ndiyo ninayoipendekeza bila kusita, kwa sababu risasi zake hupatikana kila mahali. Utaona pia onyo kwamba bunduki ni ya baruti nyeusi tu. Lishike hilo hadi hatua ya 6.

Tafuta vilevile msokoto. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka, nayo ndiyo inayoipa risasi mzunguko ili iende bila kuyumba. Msokoto huandikwa kwa inchi. 1:28 maana yake mfereji unamaliza duara moja kila inchi 28. Risasi ndefu huhitaji msokoto wa haraka. Risasi ya duara hutulia kwa msokoto wa polepole, na ukiizungusha kwa nguvu nyingi huteleza juu ya mifereji badala ya kuishika.

Kama msokoto haukuandikwa, upime mwenyewe. Chukua ufito wa kusafishia ambao mpini wake unazunguka bila kizuizi, ufunge kitambaa chenye mafuta kichwani kibane sawasawa, uusukume hadi chini. Bandika kipande cha utepe juu ya ufito usawa wa mdomo wa mtutu, na utie alama ya kalamu upande wa juu. Uvute taratibu, uuache ujizungukie. Alama ikimaliza robo ya duara, pima urefu uliotoka na uzidishe kwa nne. Ukipata inchi 7, mtutu wako ni 1:28. Ukipata 12, ni 1:48. Ukipata 16 au 17, una mtutu wa risasi ya duara.

Namba hiyo ndiyo inayoamua. Mitutu ya 1:60 hadi 1:70 ni ya bunduki za mtindo wa zamani, zile ndefu za Pennsylvania na Kentucky, na zinataka duara lililofungwa kitambaa. Mifereji yake huwa na kina kirefu, na saboti haiwezi kuiziba vizuri. Mitutu ya 1:48, kama ile ya Hawken ya kampuni ya Thompson/Center iliyotoka 1970, iko katikati: hupiga vizuri duara na vilevile risasi fupi ya umbo la pia. Mitutu ya 1:28 ndiyo ya magobore ya kisasa, ambayo fataki imekaa nyuma ya baruti kwa mstari mnyoofu. Aliyeyapa umaarufu ni fundi Tony Knight wa Missouri kwa bunduki yake ya MK-85, mwaka 1985, na hizo zinataka saboti au risasi ndefu.

Hatua ya 3: Chagua aina ya risasi

*Duara na kitambaa.* Hii ndiyo risasi ya mababu, na bado inaua kulungu kila mwaka. Risasi huwa ndogo kidogo kuliko tundu, na kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta huziba nafasi na kuishika kwenye mifereji. Kwa mtutu wa .50 kawaida ni duara la .490 na kitambaa cha unene wa inchi .015. Lazima liwe la madini laini ya risasi, yasiyochanganywa, ili libonyee na kupanuka ndani ya mnyama.

Udhaifu wake ni uzito. Duara la .440 la mtutu wa .45 lina greni 128 tu. La .490 lina 177. La .530, la mtutu wa .54, lina kama 224. Angalia namba hizo vizuri: kipenyo kimeongezeka kidogo, uzito umekaribia kuongezeka maradufu. Ndiyo maana nikiulizwa na mtu anayetaka bunduki ya duara kwa ajili ya kulungu namwambia achukue .54, na ile .45 aiachie shabaha na wanyama wadogo. Tena duara hukatwa kasi na hewa haraka sana. Likitoka kwa kasi ya mita 550 kwa sekunde, hupoteza zaidi ya theluthi ya kasi hiyo kabla ya kufika yadi 100. Kwa .50, kaa ndani ya yadi 75.

*Umbo la pia.* Hizi ni risasi nzito za madini laini, zinazojaza mtutu wote bila kitambaa wala plastiki. Asili yake ni kazi ya ofisa Mfaransa Claude-Étienne Minié, aliyetengeneza mwaka 1849 risasi yenye shimo kitakoni: moto wa baruti hulipanua hilo shimo hadi kingo zishike mifereji. Za leo kwa mtutu wa .50 huwa kati ya greni 300 na 450. Maxi-Ball ya Thompson/Center na Great Plains ya Hornady ni majina utakayoyasikia. Huenda polepole na hushuka mapema, lakini hupenya mwili mzima na kutokea upande wa pili hata zikigonga mfupa wa bega. Kwa Colorado au Idaho, pasipo saboti, hili ndilo chaguo langu. Tia kitambaa kinene cha sufu kati ya baruti na risasi. Hulinda kitako chake kisichomwe, na mara nyingi hukusanya shabaha.

*Saboti.* Risasi ya bastola ya .44 au .45 huvalishwa kikombe cha plastiki ili ienee mtutu wa .50. Mifereji hushika plastiki, plastiki huzungusha risasi, kisha vikonyo vyake hufunguka hewani na kubaki nyuma. Kwa kuwa risasi ni nyembamba kuliko tundu, hukata hewa vizuri na kufika mbali. XTP ya Hornady ya greni 240, 250 au 300 imeaminika kwa miaka mingi. Barnes hutengeneza za shaba tupu, ambazo hupanuka bila kupasuka vipande.

Angalieni jambo moja ambalo wauzaji husahau kulisema: saboti ya .44 haishiki risasi ya .45, na kinyume chake. Ukinunua risasi peke yake na saboti peke yake, hakikisha vipenyo vinaoana. Ukinunua zilizofungwa pamoja tatizo hilo halipo.

*Zenye kitako cha plastiki.* PowerBelt ndiyo inayojulikana zaidi. Risasi inajaza mtutu, na nyuma yake kuna kifuniko kidogo cha plastiki cha kuzuia moto usivuje. Zinaingia kwa ulaini wa ajabu, na ndiyo sababu watu wanazipenda. Kwa baruti ya wastani zinafanya kazi vizuri. Zile nyepesi za madini laini zikisukumwa na greni 150 za baruti, kisha zikampiga mnyama kwa karibu, hupanuka mapema mno na kushindwa kufika ndani. Ukizichagua, chukua nzito na upunguze baruti.

Hatua ya 4: Uzito na ncha

Kulungu mwenye mkia mweupe si mnyama mkubwa. Majike mengi hayafiki kilo 70. Madume makubwa ya kaskazini hupita kilo 100. Kifua chake si kinene, na mapafu hayana ukinzani mwingi. Unachotaka ni risasi itakayofunguka kama uyoga, ipite mapafu yote mawili na itoke. Tundu la kutokea ndilo linalomwaga damu chini, na damu chini ndiyo itakayokufikisha kwa mnyama ukiwa peke yako kwenye majani makavu jioni.

Kwa hiyo kati ya kasi na uzito, nachagua uzito. Kwa saboti ndani ya mtutu wa .50, greni 250 ndipo pa kuanzia, na 300 kama mtutu wako unazipenda. Sijaona haja ya kwenda chini ya 240.

Ncha nayo ilingane na kasi. Risasi nyingi za bastola zenye tundu kwenye ncha zilibuniwa kufunguka kwa kasi ya bastola. Gobore la kisasa lenye vidonge vitatu vya baruti huzisukuma zaidi ya hapo, na ganda jembamba hupasukia juu ya ubavu. Soma boksi: watengenezaji wengi huandika kiwango cha kasi au cha baruti. Risasi ya shaba ina kasoro ya upande wa pili, ikienda polepole sana inaweza isifunguke, kwa hiyo usiipige mbali kwa baruti kidogo.

Kuhusu nyama, mwaka 2008 jimbo la Minnesota lilifanya majaribio kwa kupiga mizoga ya kondoo na kutafuta vipande vya madini. Vilionekana mbali na tundu kuliko wengi walivyodhani, hasa kwa risasi za raifeli zinazopasuka haraka. Za gobore ziliacha vichache. Nafuu hiyo isikufanye uzembee. Kata na utupe nyama yote yenye damu iliyovia kuzunguka tundu, na kama una watoto wadogo au mjamzito nyumbani, tumia shaba.

Hatua ya 5: Sikiliza mkono unaposhindilia

Chukua aina mbili au tatu tu za kujaribu, usinunue rafu nzima. Kabla ya kuona karatasi, mkono wako utakuambia mengi.

Risasi inayofaa huingia kwa kusukuma imara, kwa mwendo ule ule mmoja kutoka juu hadi chini. Ikibidi upige mdeki kwa nyundo, imebana mno, na ncha itaharibika kabla haijatoka. Ikiteremka kwa uzito wake tu, ni legelege, na hilo ni la hatari kuliko kukosa shabaha. Unapotembea na mtutu umeinama, risasi legelege inaweza kusogea mbele ikaiacha baruti nyuma. Nafasi ile ikibaki na ukafyatua, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka mikononi mwako.

Kwa hiyo shindilia hadi risasi ikae juu ya baruti, kisha uchore alama kwenye mdeki usawa wa mdomo. Kila utakaposhindilia tena, alama ifike pale pale. Ikibaki juu, risasi haijafika, usifyatue. Na ukiwa porini, baada ya kutembea muda mrefu, teremsha mdeki uhakikishe, mdomo ukielekea pembeni na kichwa chako na fataki ikiwa imeondolewa.

Januari, plastiki ya saboti hukakamaa kwa baridi, na iliyokuwa ikiingia vizuri Septemba itakusumbua. Jaribu kushindilia siku ya baridi kabla ya msimu.

Hatua ya 6: Oanisha na baruti

Baruti nyeusi na mbadala wake hupimwa kwa ujazo, kwa kikombe maalumu, si kwa mizani. Triple Seven, mojawapo ya mbadala hizo, ina nguvu zaidi, na mtengenezaji wake hushauri upunguze asilimia 15 ili kupata kasi ile ile ya baruti nyeusi. Blackhorn 209, mbadala mwingine, inataka fataki ya aina ya 209 na risasi inayobana. Ukiipa duara au risasi legelege ya umbo la pia, huwaka vibaya. Kwa duara la .50 anza na greni 70 ukipanda kwa tano tano hadi 90. Kwa saboti, 100 zinatosha kwa kulungu. Hizo kwa kawaida ni vidonge viwili; kidonge cha tatu huongeza teke begani kuliko kinavyoongeza nyama mezani. Kitabu cha bunduki yako ndicho chenye neno la mwisho kuhusu kiwango cha juu; kisizidishwe.

Baruti isiyo na moshi, ile ya raifeli za kisasa, usiitie kamwe. Zimetengenezwa bunduki chache maalumu kwa ajili yake, na kama yako haikuandikwa hivyo waziwazi, haimo. Kijiko kimoja cha baruti ile kinaweza kuondoa vidole au macho.

Hatua ya 7: Karatasi ndiyo hakimu

Weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, karatasi yadi 50. Piga tatu za aina moja kwa kiwango kimoja cha baruti. Kati ya risasi na risasi, pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Masizi yakijikusanya, risasi ya tatu itapiga kwingine na utaisingizia risasi kosa la uchafu. Ukitumia Triple Seven utaikuta pete ngumu ya masizi karibu na baruti. Ifute kila mara, maana huzuia risasi kukaa mahali pake.

Kisha ufanye kitu ambacho wengi hawafanyi: nenda mbele ya bunduki, watu wote wa safu wakiwa wameacha kupiga, uokote kitambaa au saboti yako majanini. Kitambaa kizuri kina doa jeusi katikati, kingo zimechanika kidogo, na bado ungeweza kukitambua umbo. Kikiwa kimetoboka kwa moto katikati, ni chembamba mno au hakina mafuta ya kutosha. Kikiwa kimekatwa mistari inayozunguka, mdomo wa mtutu au mifereji ni mikali. Duara dogo kidogo na kitambaa kinene hupunguza tatizo. Saboti nzuri imefungua vikonyo vyake vyote sawasawa. Ikiwa kimoja kimekatika au kitako kimeyeyuka, punguza baruti au ubadili saboti, hata kama boksi ni la bei gani. Kipande hicho cha plastiki cha senti chache kinakupa ushahidi ambao tangazo haliwezi kukupa.

Risasi itakayokusanyika vizuri yadi 50 ipeleke yadi 100. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu lina upana wa kama inchi 8, sentimita 20. Masafa yako ya kuwinda yanaishia pale ambapo risasi zote, ukiwa umekaa au kupiga goti kama utakavyokuwa porini, zinaingia ndani ya sahani ya upana huo. Kwa duara la .50 itakuwa yadi 75 au pungufu, duara la .54 na risasi ya umbo la pia hadi 100, saboti 150 kwa aliyefanya mazoezi. Risasi ya kwanza siku ya mawindo hutoka kwenye mtutu safi na wa baridi, kwa hiyo siku moja nenda upige hiyo moja tu, uone inaangukia wapi, urudi nyumbani.

Hatua ya 8: Porini

Ngoja mnyama asimame ubavu. Lenga nyuma kidogo ya mguu wa mbele, theluthi ya chini ya kifua. Una risasi moja, na baada ya mlio kuna wingu la moshi litakalomficha mnyama, hivyo kabla ya kufyatua weka alama machoni: mti gani alisimama, anaelekea upande gani. Moshi ukiisha, shindilia tena kwanza. Ngoja nusu saa ndipo ufuate damu. Damu nyekundu ya povu ni ya mapafu, na mnyama huwa karibu. Damu yenye majani na harufu ya tumbo inamaanisha usubiri saa kadhaa bila kumsukuma, kisha umfuate hadi umpate, hata kama giza limeingia, ukizingatia kanuni za jimbo kuhusu taa na ardhi ya watu.

Ukishampata, fuata njia ya risasi ndani ya mwili unapomchuna. Angalia tundu la kuingilia, ubavu uliovunjika, upana wa tundu la kutokea. Ukikuta risasi imenasa chini ya ngozi ya upande wa pili, ioshe na uipime: ikiwa imebaki na sehemu kubwa ya uzito wake na imepanuka, umechagua sawa. Ikiwa ni vipande, punguza baruti au chukua nzito zaidi kabla ya kurudi tena. Andika jina la risasi, uzito, saboti au kitambaa, aina na kiwango cha baruti na aina ya fataki kwenye kadi, uibandike ndani ya kasha la bunduki, kisha ununue maboksi ya ziada ya zile zile Februari, wakati maduka yanapunguza bei kumaliza mzigo wa msimu.